Sikukutuma, Bibi

Ijumbi, 6 Machi 1971

Mjukuu wangu Mujuni,
Tumsifu Yesu Kristo. Huko gerezani Bukoba unakula? Kifua je? Mimi nipo, magoti tu yananitesa. Anayeandika ni Katekista Lwakatare. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyalainisha.
Yule hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ni mjinga. Mwaka mzima kwa wizi wa baiskeli ya jirani yetu Byarugaba, ambayo hakuna aliyekuona nayo! Eti nilimpelekea Byarugaba kibuyu cha rubisi, basi umekiri. Kwetu jirani akiwaka hasira unamtuliza kwanza kwa pombe, ukweli unatafutwa baadaye. Hakimu hana majirani? Nakuja kumwambia.
Bibi yako, Kokuberwa

Gerezani, Bukoba, 19 Machi 1971

Bibi,
Shikamoo. Kifua kimetulia. Pole na magoti.
Usije kumtukana mtu. Nimekata rufaa Mahakama ya Wilaya. Hakimu wa huku anasoma yaliyoandikwa kule chini, na kumeandikwa: “Mshtakiwa alimtuma bibi yake kuomba msamaha.” Sikukutuma, Bibi. Hata sikujua. Huenda akakuita. Sema ulijua sina hatia, ukaenda kuzima ugomvi tu.
Mjukuu wako, Mujuni

Ijumbi, 8 Aprili 1971

Mujuni,
Salamu. U mzima? Wito umefika. Tangu hapo sikai: nashika jembe, nalitupa, naingia ndani, natoka.
Usinifundishe la kusema. Nikiapa, nitasema lililokuwa moyoni. Jioni ile baiskeli ilipopotea, ulirudi umejaa matope, hukunitazama usoni. Nikasema, huyu kaiba. Sikukuuliza. Nikabeba kibuyu kwa akili yangu, wasije wakakuvunja mifupa.
Katekista ameinua kalamu, ati nipunguze. Nimemwambia, andika!
Bibi yako

Bilele, Bukoba, 28 Aprili 1971

Bibi,
Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Mimi mzima, niko huru tangu Jumatatu. Nimefikia kwa Shaban, yule fundi cherehani.
Ulipoulizwa nani alikutuma, ukajibu, “Anitume nani? Mimi ndiye ninayetuma watu,” mahakama nzima ilicheka. Hakimu akasema: basi kijana hakukiri lolote, na dhana ya bibi si ushahidi. Hukumu akaitengua.
Mimi sikucheka. Ulinisubiri mlangoni, nikapita. Mwaka ule wa kifungo ningeuweza. Lakini wewe, uliyenilea, hukuniuliza hata nilikuwa wapi. Nyumbani siji kwa sasa.
Mujuni

Ijumbi, 9 Mei 1971

Mjukuu wangu,
Tumsifu Yesu Kristo. Kwa Shaban unashiba? Umekonda, nilikuona ukipita.
Nimezunguka migombani siku nne nikitafuta maneno. Hakimu wa juu alisoma ya hakimu wa chini, akaona kosa. Mimi nilikuhukumu jikoni kwangu, mashtaka, ushahidi na hukumu vyote vikatoka kwenye kichwa hikihiki. Rufaa ya jikoni inasikilizwa na nani kama si wewe? Nimekosa. Nimekosa. Katekista ameandika hilo mara mbili, nimemwamuru.
Njoo uniseme. Nitanyamaza, na unajua kwangu hicho ni kifungo kirefu.
Nakuuliza leo, nimechelewa: jioni ile, mwanangu, ulikuwa wapi?
Bibi yako, Kokuberwa