Kurasa Nilizoziruka Nikikusomea

Baba yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini nikijaribu kuanza bila shikamoo mkono unakataa kabisa kuandika.

Mwezi huu uliopita nimesoma vitabu vinne. Usishtuke. Mimi huyu huyu uliyekuwa ukisema nasoma kama mtu anayekimbizwa na nyuki, nimekaa pale kazini, mapokezi ya hoteli Mikumi, wageni wakishaenda mbugani, nikasoma neno kwa neno mpaka wakarudi na vumbi lao kuulizia maji ya moto. Vyote vinne ni vya kwako, na vyote niliwahi kukusomea macho yako yalipoanza kukuacha. Ndiyo maana nakuandikia. Nilikusomea vibaya, Baba, makusudi, na umeondoka kabla sijakuambia.

Siku ya kuanua matanga ndugu waligawana vitu vyako kama ilivyo ada. Baba mdogo alichukua koti la kijivu, shangazi akapewa redio, baiskeli ikaenda kwa mwanawe wa Chanzuru. Nilipoulizwa nataka nini nikasema vitabu vya kabatini. Walicheka kidogo, msibani hapo hapo. Baba mdogo akasema, "Huyu naye! Kitabu utakivaa?" Nikavipanga kwenye boksi la sabuni nikaja navyo Mikumi, na kwa miezi minne sikulifungua. Nilikuwa naogopa kukutana na zile kurasa.

Nilianza na kile cha mafundi wa reli. Ulikipenda kwa ajili ya Mama, aliyekulia Kimamba kwenye kambi ya mkonge, treni zikipita nyuma ya nyumba yao. Kijana anaacha kwao, anakwenda kutandika reli, anampenda binti wa mpishi wa kambi. Nilipokusomea nilibaki na mapenzi tu. Kila mwandishi alipogeukia mataruma na udongo na namna ya kujenga daraja mto ukiwa umejaa, nilifunua kurasa tatu nne kwa mpigo nikaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Ilikuwa Jumamosi, nguo zimelowekwa, na Jumapili baada ya kanisa nilitakiwa niwe stendi nirudi kazini. Sasa nimezisoma. Kuna mahali fundi mmoja anashuka mtoni amefungwa kamba kiunoni, na anaimba muda wote ili wenzake walioko juu wajue bado yupo. Nilisoma mara mbili, mgeni akanigongea meza ndipo nikainua kichwa. Wewe uliyeuona mto Mkondoa ukiingia mpaka majumbani mwa watu ungekipenda mno kipande kile, na mimi nilikunyima.

Halafu kitabu cha ufugaji nyuki. Hapo nilikuwa nakereka waziwazi. "Baba, sisi hatuna hata mzinga mmoja." Ukanijibu, "Soma, mama. Nyuki nao wana mambo yao." Uliniita mama hata ulipokuwa umeudhika. Mwezi huu nimekisoma chote, moshi na nta na kofia ya wavu, na bado kinachosha vile vile. Kwa vitabu vingine nakuomba radhi. Kwa hiki naomba tuelewane tu.

Cha mkunga wa milimani nilikusomea huku naangalia sufuria ya maharage. Nilikuwa nikiinuka kuongeza maji, nikirudi naanzia popote jicho linapoangukia. Kumbe yule mtoto wa sura ya pili ndiye daktari wa sura ya mwisho! Wewe hukuwahi kuniuliza daktari katokea wapi. Nilidhani kwa vile macho yalikuwa yameondoka na umakini nao unapungua. Naona haya kuliandika hilo, kwa mtu aliyefundisha watoto wa watu kusoma maisha yake yote.

Lakini kilichonitoa machozi ni cha nne, kile cha mzee na mkewe wanaohama bondeni kwa sababu ya mafuriko. Tulikianza wakati presha ya macho imeshachukua mwanga wote, na figo nazo zimeanza visa. Sauti yako ilikuwa imeshuka. Nilifika kwenye sura ambayo yule mzee anaugua, nikapitisha macho kimyakimya, nikaona atakufa kabla sura haijaisha. Nikaiacha yote. Nikaanza sura inayofuata, mke yuko shambani peke yake, anapalilia.

Ukaniuliza, "Mzee yuko wapi? Mbona hatumsikii?"

"Kasafiri, Baba."

"Kasafiri kwenda wapi?"

"Kwa binti yake. Magole."

Kitabu chenyewe hakina Magole. Nililitaja kwa sababu ndilo jina lililonijia. Ukasema, "Haya, safari njema kwake," ukaniambia niendelee. Nikaendelea, huku nafurahi kwamba nimekudanganya na imepita. Ulifariki mwezi uliofuata.

Basi juzi, nilipoimaliza sura ile, nilishindwa kukaa. Nilikosa amani kabisa. Jumamosi nikapanda gari la Kilosa na boksi zima. Nilimkuta Mama ukumbini anachambua mchele. Nikamsalimia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote: reli, maharage, yule mzee niliyempeleka Magole. Nikamwambia nimemdanganya Baba kipofu, na sasa sina wa kumwomba msamaha.

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini na kujifuta macho kwa kanga.

"Nuru, mwanangu. Baba yako alikuwa anajua."

"Anajua nini?"

"Yote. Alikuwa anasikiliza karatasi. Aliniambia, huyu akifunua moja inasema kidogo, akifunua tatu zinasema kwa pamoja. Ukishaondoka Jumapili, Jumatatu asubuhi ananiambia, mama Nuru, kachukue kile kitabu, angalia baada ya pale kijana anapomaliza kula kwa mpishi. Natafuta mpaka napaona. Basi namsomea."

Baba, niliona kama naambiwa habari za watu nisiowajua. Mama, kusoma? Sisi watoto wako tulijua alipita darasa la ngumbaro la watu wazima, akajua kuandika jina, ikaishia hapo. Na ukweli ni kwamba sisi ndio tuliomkomesha. Nilikuwa darasa la tatu, alikuwa anasoma kitabu cha nyimbo za kanisa kwa kidole, silabi kwa silabi, tukamwigiza, tukagaragara kwa kicheko. Alikifunga, na hatukumwona tena ameshika maandishi. Nilidhani alichoka tu.

"Na wewe ulikuwa unaweza muda wote huo?" nikamuuliza.

"Pole pole. Ukurasa mmoja, asubuhi nzima. Yeye alikuwa hana haraka, angeenda wapi?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataa. Alisema ukijua utaona aibu, utaacha kusoma, na yeye alikuwa anaitaka sauti yako." Kisha akaushika ungo wake, akauangalia mchele badala ya kuniangalia mimi. "Na mimi sikutaka ujue. Ungesoma zote, mimi ningesoma nini?"

Nikamuuliza kuhusu yule mzee. Aliniambia sura ile iliwachukua wiki nzima. Alipofika mahali mzee anapokufa alisimama, akakuuliza kama aendelee, ukamwambia aendelee, mwandishi asiachwe na maiti mikononi. Ulipoisikia yote mpaka mazishi ukasema, "Amemzika vizuri." Halafu ukamwomba uji. Nimeambiwa uliumaliza wote siku hiyo.

Nimefurahi na nimeumia kwa wakati mmoja. Nilijiona nakulinda, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unanilinda mimi nisijue kwamba najulikana. Na nilijiona mimi ndiye msomaji wa nyumba ile. Nimekupenda upya kwa hilo, na Mama nimemuona kwa mara ya kwanza nikiwa na umri huu. Nakukumbuka sana. Nakukumbuka hasa ulivyokuwa ukiinamisha kichwa upande nikisoma, nikadhani unasinzia.

Alipomaliza mchele aliingia chumbani kwenu, akatoka na kitabu ambacho sikukikuta kabatini siku ya matanga. Ni kile cha mwalimu aliyepotea njia milimani, tulichokuwa tumekianza tu ulipolazwa. Alikuwa amekificha chini ya godoro ndugu wasije wakakigawa. Tangu tukuzike amekuwa akikisoma peke yake kila Jumatatu asubuhi, amefika ukurasa wa kumi na nane. Nikanyoosha mkono nikipokee, kwa mazoea. Hakunipa. Akavaa miwani yako. Shangazi alikuwa ameitaka miwani ile, sasa najua kwa nini Mama alimwambia imevunjika.

"Leo kaa, usikilize," akasema.

Nikakaa. Alianza kwa kidole. Neno moja lilimchukua pumzi mbili, lingine likamrudisha mwanzo wa mstari. Mara tatu nilitaka kumsaidia, nikaung'ata ulimi. Chai ilipoa. Gari la mwisho la Mikumi likapita, tukalisikia, hakuna aliyelitaja. Ikafika sentensi ndefu isiyo na mwisho, yenye maneno ya kizamani, akaijaribu mara mbili ikamshinda. Akanitazama juu ya miwani, amejaa wasiwasi kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Hapa pagumu, Nuru. Turuke?"

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Soma tu. Sina haraka."

Lala salama, Baba.

Ni mimi binti yako uliyemwita mama,
Nuru