Kurasa Kumi na Sita Ulizoziruka

Shangazi, shikamoo.

Najua hutaitika, lakini nisipokuamkia utasema Dodoma mjini imeniharibu. Miezi miwili sasa tangu tukuzike Mpwapwa. Nilipanga kukuandikia barua ya machozi. Machozi yapo, ila leo yamekaa pembeni, maana nina hasira na wewe.

Wanao walinipa sanduku lako la vitabu. Walisema, "Chukua wewe, si ndiye uliyerithi kazi yake?" Jumamosi nikalifungua hapa kwangu Ipagala, nikatafuta kwanza ile riwaya yenye jalada la kijani, ya mwanamke anayechimba kisima peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na sita ulipoisifu kwenye safu yako ya vitabu gazetini. Uliandika kwamba mwisho wake utamliza hata mwenye moyo wa jiwe. Nikauza jogoo wangu nikaagiza kitabu. Nikasoma, nikalia.

Sasa nakala yako, Shangazi, kurasa kumi na sita za mwisho hazijakatwa. Zimeshikana kwa juu vilevile zilivyotoka kiwandani. Hukuzifungua! Wewe uliyenipiga vidole kwa kuchungulia mwisho wa hadithi. Wewe uliyeniambia, "Penina, kitabu hakihukumiwi njiani." Nililia kwa mwisho ambao wewe hukuuona. Pengine nililia kwa sababu uliniambia nitalia. Na leo hata wa kumuuliza sina.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba najua ulifikaje pale. Macho yako yalipochoka ukanikabidhi safu, ukaniambia ni heshima. Hukuniambia itanifanya nini. Zamani nilisoma mpaka maharage yakaungua, nikijiuliza, sasa itakuwaje? Siku hizi najiuliza, nitasema nini? Nasoma na penseli mkononi kama karani wa mnadani. Kitabu kikinifurahisha, nakitilia shaka. Kurudia kitabu nimeacha kabisa, kwa kuwa hakuna gazeti linalotaka habari za kitabu cha mwaka juzi. Nachagua vyembamba. Nachagua vipya, na vile ambavyo maneno ya kuviandikia nimeshayapata kabla sijavifungua. Vile nilivyojinunulia kwa kuvipenda vipo chini ya kitanda, na nikifagia navipita kama ndugu niliyemkwepa sokoni.

Basi sikiliza nilichofanya. Ulipofariki nilikuwa nimefika nusu ya riwaya ya Bi Zaituni, mama mmoja wa Kondoa, kitabu chake cha kwanza. Nikaja msibani. Niliporudi sikuendelea kusoma, nikaandika. Nikamshambulia eti amemuua mzee Hamisi, mhusika wake, katikati ya kitabu bila sababu. Niliandika kwamba anaua watu ovyo. Gazeti likatoka, nikajiona mkali.

Akanipigia simu. Hakugomba. Alisema, "Hujambo mwanangu? Pole kwa msiba. Lakini mbona na Hamisi wangu umemzika? Si anarudi sura ya kumi na tatu?"

Shangazi, nilidanganya. Nilimwambia mhariri alikata maneno yangu. Akasema, "Aa, hawa wahariri," akaniombea kheri. Afadhali angenitukana. Hiyo ilikuwa wiki mbili kabla sijafungua sanduku lako. Kwa hiyo Jumamosi nilikukasirikia nikiwa nimeshika kisu cha jikoni, tayari kuzikata zile kurasa, na ghafla nikajiona nilivyo. Mkuki kwa nguruwe. Nimekuhukumu kwa kosa ambalo langu bado lina joto.

Usidhani nimekusamehe. Wasomaji wetu wanaokota fedha ya kitabu shilingi kwa shilingi kwa sababu tumewaambia. Na yule mama aliandika miaka mingapi, mimi nikamtupa kwa uvivu wa nusu kitabu? Hapana. Haikubaliki, iwe wewe au mimi.

Jana nilikimaliza kitabu cha Bi Zaituni. Hamisi anarudi kweli, miguu imejaa vumbi, anaomba maji mlangoni kana kwamba alitoka asubuhi tu. Nikafunga kitabu nikakukasirikia upya, maana mlangoni kwangu wewe hutapiga hodi.

Nimempigia Bi Zaituni nikamwambia ukweli. Akasema, "Basi waambie na waliosoma gazeti." Ijumaa safu itaanza hivi: sikumaliza kitabu. Mhariri amenuna. Akitaka, achukue safu yake, nami nitarudi kwenye vile vya chini ya kitanda.

Riwaya yako ya kijani nimezikata kurasa zake, taratibu, sijachana hata moja. Bado sijazisoma. Naahidi Jumapili nitapanda basi nije Mpwapwa, nikae kando ya kaburi lako, nikusomee zote kumi na sita kwa sauti, na hapo tutajua kama huo mwisho unaliza.

Pumzika, Shangazi. Ila Jumapili usiniache njiani, ukae mpaka ukurasa wa mwisho.

Mwana wa kaka yako,
Penina