Kifurushi cha Kanga ya Mama

Thamesmead, London

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote, na nayaombea macho yako nafuu, maana Zuwena ameniambia kwenye simu kwamba na la kushoto limeanza kuweka ukungu. Dawa ya matone unatia? Usimdanganye dada, anakujua. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Mjukuu wako Salma kanipita kimo. Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza, na ukimkaripia anacheka.

Dada Zuwena, wewe ndiye msomaji. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya, usiruke hata mstari mmoja. Baba akisema basi, wee soma. Na hicho kifurushi mlicholetewa pamoja na barua hii, usikifungue mpaka nikwambie.

Baba, nimetoka Italia. Unamsikia kila siku Bi Margaret, yule bibi wa Kiingereza ninayemtunza, aliyekuwa mwalimu wa uchoraji. Miguu imemkataa, ulimi bado. Mwezi uliopita akasema anataka kuiona Florence mara moja tena kabla hajafa, na wa kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu ni mimi. Nikadhani tunakwenda kutembea mjini. Kumbe mwenzangu ana karatasi mfukoni, makanisa mbele na masanamu nyuma.

Najua umeshakunja uso. Ati Asha alifuata nini kanisani? Nilifuata kazi, Baba. Kiti hakijisukumi.

Siku ya kwanza tu niliadhirika. Tumefika kwenye kanisa kubwa la zamani, mimi kwa mazoea, nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada, nikavua viatu, nikavipanga vizuri pembeni ya kizingiti, nikaingia na soksi. Wanawake wenye mabega wazi walikuwa wanapewa vitambaa vya karatasi wajifunike. Mimi na mtandio wangu hakuna aliyenisemesha, nikajiona bora kuliko wote. Nimefika katikati ya kanisa, mlinzi huyo ananifuata mbio, kavishika viatu vyangu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Bi Margaret alicheka mpaka akakohoa.

Lakini kicheko kilinikatikia hapohapo. Nainama kuvaa viatu, naona nimemkanyaga mtu. Kachongwa kwenye jiwe la sakafu, kalala chali na joho lake, mikono kifuani. Nikauliza, nikaambiwa hilo ni kaburi na mwenyewe yumo chini. Sakafu nzima makaburi, Baba, na watu wanapita juu yao wanapiga picha. Nilipigwa na butwaa. Nyuso zao zimeliwa na miguu ya wapitaji mpaka zimekuwa laini kama sahani, huoni jicho wala pua. Nikarudi nyuma nikamkanyaga mwingine. Niliwaomba radhi kwa Kiswahili, sijui kama walinielewa.

Zuwena, hapa punguza sauti kama kuna wageni. Siku ya pili nikaona mwanamume wa jiwe, mrefu kupita paa la karakana yetu ya uchongaji, kasimama bila hata uzi mwilini, na watoto wa shule wamekaa chini yake na madaftari, wanamchora, na mwalimu wao mwanamke anawaelekeza. Astaghfirullah. Mie nilitazama miguu yake tu. Na hiyo miguu, Baba, wallahi ina mishipa. Jiwe lina mishipa! Wewe ulitufundisha tuitazame kazi kabla ya mwenye kazi, basi nikajikuta nasema moyoni kwamba aliyefanya hii alijua patasi. Halafu nikaona haya.

Ya siku ya tatu ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Nilikuwa nimeshazoea jiwe. Tulikuwa kwenye jumba wanakotunza vitu vya kanisa lao kuu, nikageuza kiti, nikakuta mbao. Mwanamke mzee wa mti, amesimama peke yake. Nywele zimemfunika mpaka magotini, mashavu yamezama, mdomo wazi, meno mawili matatu. Mikono ameinyanyua kuomba, lakini viganja havijagusana, pamebaki nafasi ndogo katikati. Baba, alikuwa Mama. Mama wa ile miezi ya mwisho, tulipokuwa tunamgeuza kitandani mimi na Zuwena na uzito wake haufiki wa mtoto. Shingo ni ileile. Nikakaa chini mbele za watu, nikalia kwa sauti.

Nilipomaliza nikamgeukia Bi Margaret. Ndipo nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na sasa nakwambia wewe.

Ile sanamu ya ndugu yetu Idrisa sikuichoma.

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi. Miezi minne tangu tumzike Mama, jirani akakuletea maneno kwamba mwanao wa kiume kachonga sura ya marehemu. Karakana ambayo tangu enzi za babu haikutoa ila maua, minyororo na mitende ya milangoni, na kila mwanafunzi siku ya kwanza anaapa mbele yako kwamba hatachonga uso wa kiumbe. Idrisa akaja na kitu chake kimefungwa kwenye kanga ya Mama, akakiweka juu ya meza yako. Hukukigusa. Maneno aliyosema ni matatu tu: "Fungua kwanza, Baba." Ukajibu kwamba hufungui haramu. Ukanigeukia mimi ukaniambia nikaichome, na yeye ukamwambia asikanyage tena kizingiti chako. Hata patasi zake aliziacha. Miaka tisa yuko Mombasa anatengeneza makabati ya jikoni, na kila Idi ananipigia kuniuliza macho yako yanaendeleaje. Nikimtaja kwenye simu unakata, ndiyo maana leo nimeandika.

Nilikwenda uani nikawasha makumbi ya nazi, nikatia kipande cha mfenesi kilichokuwa kwenye takataka za karakana. Kitu chenyewe nikakificha chini ya nguo zangu, nikaja nacho Uingereza. Miaka yote kimekaa juu ya kabati, kwenye kanga yake, na sikuwahi kufungua fundo. Niliogopa dhambi, na niliuogopa uso wa Mama.

Bi Margaret alinitazama, akauliza, "Kwa hiyo wewe na baba yako mmemhukumu huyo kijana kwa kitu ambacho hakuna kati yenu aliyekiona?"

Katika ndege sikula.

Tulipofika London nilimfikisha kwake, nikapanda basi mpaka nyumbani, na kabla sijavua koti nikapanda juu ya kiti nikakishusha. Salma kasimama ananiangalia. Fundo lilikuwa limekaza, nikalifungua kwa meno.

Ni Mama, Baba. Ameketi vile alivyokuwa akiketi kupepeta mchele, ungo mapajani, bega la kulia limeshuka kidogo. Amejitanda kanga, na kila mkunjo wake upo. Vidole vyake vipo, hata kile kilichopinda alipobanwa na mlango. Lakini mahali pa uso hapana uso. Hapana jicho, pua wala mdomo. Ni mbao tupu, kaipiga msasa mpaka inateleza. Salma akauliza kwa Kiingereza chake, uso wa bibi uko wapi. Yote niliyoyaona Italia hayakunishtua namna ile.

Alikitii kiapo chako. Alitafuta njia ya kumlilia mama yake bila ya kukivunja, akaipata, akaja kukuonesha wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Sisi tukamfukuza. Huenda utasema hata bila uso haifai. Mimi sina elimu ya kubishana nawe. Lakini hilo lilikuwa la kumwambia baada ya kufungua.

Na liko moja linanisumbua. Wewe hutambua mbao kwa harufu ya moshi. Ulikuwa ukikaa barazani unatuambia leo jirani anapikia mwembe, na ni kweli. Idrisa alichonga kwenye msaji, kile kipande kilichobaki kwenye mlango mliouchonga pamoja. Mimi nilichoma mfenesi. Moshi ulipita mbele yako, nawe hukusema neno. Nimeanza kudhani ulijua kwamba haikuchomwa. Kama ulijua, basi miaka yote hii tumeificha wawili.

Nisalimie shangazi, mwambie vitumbua vyake sijapata mfano wake London nzima. Nisalimie maalimu wetu wa chuoni, ila haya ya kanisani msimwambie. Nisalimie mafundi wote wa karakana, na yule jirani aliyeleta maneno, naye msalimie, nimemsamehe nusu.

Zuwena, sasa fungua kifurushi. Kiweke mapajani mwa Baba, ushike mkono wake uuweke kwenye kanga ya mbao.

Baba, kazi hii haihitaji macho. Anza na mikunjo ya begani, teremka mpaka kwenye kile kidole kilichopinda, utakijua. Kisha panda juu taratibu mpaka mahali pa uso. Pitisha kiganja. Idrisa anadhani imekuwa jivu siku ileile, sijamwambia lolote. Nataka habari aisikie kutoka kwako. Zuwena anayo namba yake.

Binti yako niliyekudanganya,

Asha