Shuka la Ndiritu

Mweiga, Alhamisi

Basi wamepiga simu kutoka hospitali ya Nyeri: Ndiritu ameongezwa damu na anaitisha chai. Sasa naweza kucheka.

Asubuhi fahali alimbana kwenye nguzo za josho la ng'ombe, akamvunja mifupa ya nyonga. Alifika kwetu zahanati midomo imepauka, damu ikivujia ndani. Nilimzungushia shuka la kitanda nyongani, nikalikaza kwa nguvu zangu zote ili mifupa ishikane na damu ipungue kuvuja. Presha, iliyokuwa chini sana, ikaanza kupanda.

Nikatoka kuita gari. Kurudi, kaka yake amelegeza shuka!

"Sista, ulimfunga kama mzigo wa kuni. Mgonjwa anataka kupumua."

Presha ilikuwa imeshuka tena. Niliogopa kweli. Nikakaza upya huku nikimfokea huyo kaka, mzee wa kanisa mzima.

Wangari, mke wa Ndiritu, ndiye aliyemaliza maneno. Aliweka mkono juu ya fundo.

"Hakuna mtu ataguza. Miaka yote natafuta kamba ya kufunga huyu mzee akae nyumbani."

Ndiritu akafungua jicho moja.

"Kumbe ni wewe ulituma huyo fahali?"