Baruti ya Gumegume la Baba

Jumamosi, Mbale

Mzee huyu ataniua kwa ukaidi wake, na bado nampenda.

Kesho mdogo wangu Zaina anaolewa, na Baba anataka kulipiga hewani, bila risasi, gumegume la babu yake, ile bunduki ya kale inayowashwa kwa cheche za jiwe. Polisi wameruhusu. Tatizo ni baruti. Nilipofika na mume wangu Musa kutoka Jinja tukamkuta ameshapewa na rafiki yake, chupa nzima, iliyotolewa ndani ya risasi za bunduki za siku hizi.

Musa alikuwa fundi wa silaha jeshini. Hakupandisha sauti. "Baba, hii ina nguvu mno. Itapasua mtutu, na uso wako uko hapo hapo. Gumegume linataka baruti nyeusi tu."

"Afande, unanifundisha bunduki ya ukoo wangu?"

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Baba, tangu Mama afariki tumebaki na wewe tu. Ukipofuka kesho, Zaina ataikumbukaje harusi yake?"

Baba akampa Musa ile chupa.

Jioni walijaribu nyuma ya nyumba baruti nyeusi ambayo Musa alinunua kwa muuzaji mwenye leseni. Jiwe likatoa cheche, mlio ukavuma, moshi ukatufunika sote. Baba alicheka mpaka akaketi kwenye majani. Halafu akamkabidhi Musa gumegume.

"Kesho piga wewe, mwanangu. Mimi nitamshika Zaina mkono."