Nilizifuta Siku Mia na Arobaini za Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapanda basi la kurudi nyumbani, maana kosa ni langu na anayeadhibiwa ni mtoto.

Mimi ni mtu wa Kentucky, lakini huu ni mwaka wa tatu nafunga mabomba kwenye visima vya mafuta huku Dakota Kaskazini, nalala kambini, nyumbani naenda wiki mbili tu kila baada ya wiki sita, na mke wangu Verlene ndiye anayemfundisha binti yetu Lottie, mwenye miaka kumi na mmoja, kwenye meza ya jikoni, kwa masomo ya mtandaoni ambayo kila siku ina ukurasa wake, mtoto akimaliza anaweka tiki, zikifika siku mia na themanini mwaka umekwisha. Verlene alinipa neno la siri ili nione maendeleo ya mtoto, nami, jambo ambalo hata yeye hajui, nikawa nayasoma masomo hayohayo wakati wa mapumziko ndani ya gari la kazi, kwa sababu shule niliiacha darasa la nane na nikisoma nakwamakwama, na Lottie akinipigia huniuliza, "Baba, umeona Warumi walivyojenga barabara?" nami napenda kuwa na jibu.

Mwezi uliopita likatokea tangazo kwamba somo la historia lina toleo jipya, lenye sauti inayokusomea, nikafurahi, nikakubali kuhamia bila kusoma maelezo hadi mwisho kwa sababu yalikuwa marefu, na tiki zote mia na arobaini zikapotea, historia ikarudi siku ya kwanza.

Verlene alipoona, mimi nilikuwa kwenye simu, nikasikia yote.

"Umefuta ili nisijue ulikuwa unaruka kurasa!"

"Mama, sijagusa kitu!"

"Basi paka ndiye aliyegusa? Utaanza upya, na baba yako akija hutoki kwenda popote naye mpaka umalize."

Lottie akaichukua simu. "Baba, mwambie. Wewe unaniamini, sivyo?"

Nikamwambia, "Msikilize mama yako, mwanangu," nikakata.

Tangu siku hiyo hanipigii. Nikisema ukweli, watajua kusoma kwangu kulivyo. Nafika Ijumaa. Nifanye nini?

Baba Lottie, kambini

*

Baba Lottie,

Pole kwa kazi, na pole kwa aibu uliyoibeba miaka yote hii. Pole zangu zinaishia hapo. Mtoto alikuomba neno moja, nawe ukalificha ili usionekane mjinga. Kusoma kwa kukwama si kosa. Kukata ile simu ndilo kosa.

Usingoje Ijumaa. Piga leo wakati wa chakula, wote wawili wakiwa mezani, na useme, "Ni mimi niliyefuta, na nilifuta kwa sababu nilitaka sauti ya kunisomea." Usianze na lawama kwa maelezo marefu wala kwa Verlene.

Kisha shughulikieni masomo. Nimefundisha watoto sita nyumbani na nimeyaona matoleo mapya yakija na kupita. Tiki ni alama tu. Kazi aliyoiandika Lottie bila shaka mama yake ameihifadhi kwenye faili, na huo ndio ushahidi. Msimrukishe hadi siku ya mia na arobaini ya toleo jipya, maana mpangilio hubadilika, atarudia Warumi na kukosa mengine. Someni lile tangazo pamoja, hadi mwisho safari hii. Mara nyingi somo la zamani huachwa wazi kwa waliokwisha kulianza. Likiwa bado lipo, amalizie humo siku arobaini zilizobaki. Likiwa limefungwa, Verlene alinganishe faili na orodha mpya, afundishe yale tu ambayo mtoto hajayagusa. Toleo jipya lianze msimu wa vuli, mwaka mpya wa masomo ukifunguliwa.

Nawe ulianze siku hiyohiyo, lakini si kwa kujificha garini. Mwombe Lottie akusomee kwa simu, nawe umsomee yeye, ukikwama akungoje.

Ukishakiri, usikate. Nyamaza, umwache aseme. Akilia, kaa hapohapo kwenye simu. Akikuuliza tena kama unamwamini, unalijua jibu. Mpe, mama yake akisikia.