Shangazi, Bado Unawakaribisha Watu Chakula

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti hapa chumbani kwangu Kibaha, halafu nikasubiri marahaba yako kama mjinga.

Unakumbuka siku ile Kibuta? Ulikuwa mkekani unamenya muhogo kwa kupapasa, maana sukari ilikuwa imeshakunyang'anya macho. Nikakueleza kazi yangu: natengeneza programu ya simu ya kuhesabu kalori, hata asiyeona na asiyejua kusoma aitumie. Mtu anaiambia alichokula, nayo inamjibu kwa sauti. Sauti niliyoitaka ni yako. Ulicheka mpaka kisu kikakuponyoka.

"Yaani mimi nikae ndani ya simu niwachungulie watu masufuria?"

Ukakubali, ila tukakwama kwenye sentensi moja, ile ya kumwambia mtu aliyepitiliza kiasi chake. Nilikuandalia useme, "Umezidisha." Ukagoma katakata. "Tangu lini mgeni akaambiwa amekula sana? Huko si kumfukuza, mwanangu?" Nikabishana, unanijua. Mwisho ukaisogeza simu mdomoni ukasema ya kwako: "Leo tumekula vizuri. Kesho tupunguze kidogo. Nakusubiri, tule pamoja, inshallah." Nyuma yako jogoo akawika. Nilitaka turudie, ukakataa, ukasema jogoo naye ana haki ya kusikika.

Ulifariki kabla hatujarekodi sentensi nyingine, nikaimaliza programu na hiyo moja tu.

Siku ya arobaini yako tulisoma hitima pale pale uani kwako. Pilau likapakuliwa, wanawake tukazunguka sinia. Dada yako mkubwa, Bi Mwanahawa, ambaye macho yake nayo yamekwisha kwa ugonjwa ule ule, nilikuwa nimemwekea programu kwenye simu yake. Alipomaliza kula akaiambia, "Pilau. Nyama. Pilau tena." Basi ukasikika wewe, katikati ya hitima yako mwenyewe: "Nakusubiri, tule pamoja, inshallah." Na jogoo juu yake.

Hakuna aliyemeza tonge. Unajua mwenyewe tunavyoambizana: marehemu akikukaribisha chakula ndotoni, usile, usije ukamfuata. Binti yako Zuhura alinivuta pembeni, machozi yanamtoka.

"Mtoe mama humo, dada. Mwacheni apumzike."

Bi Mwanahawa akamsikia. "Thubutu! Mniachie mdogo wangu."

Nikamsikiliza mkubwa. Nilidhani nimemfariji.

Baadaye Zuhura akanipigia kwamba sukari ya Bi Mwanahawa inapanda na hataki kusikia la mtu. Nikashuka Kisarawe, nikapanda bodaboda mpaka Kibuta. Nilimkuta ametoka kunywa chai kwa chapati na sasa yuko kwenye ubwabwa wa nazi, bakuli limejaa, jua hata halijapanda. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu bila kumung'unya maneno.

"Nikila kidogo simu inanyamaza. Nikizidisha, ndiyo anakuja."

Nikakaa chini. Shangazi, niliogopa. Wewe mwenyewe huniogopeshi, hata ukija usiku nitakupisha kitanda. Nilichoogopa ni kwamba ugonjwa uliokuchukua sasa unamwita dada yako, na unamwita kwa sauti yako, kwa upole ule ule, na jogoo anawika.

Nikampokonya simu, akanitukana tusi ambalo sitaliandika humu. Nikarudi Kibaha nikaibadili programu. Sasa anayekula kwa kiasi ndiye anayekusikia: "Leo tumekula vizuri." Anayezidisha anakutana na kimya. Maneno ya kusubiri nimeyakata kwenye simu za watu wote. Bi Mwanahawa alininunia, kisha akanisamehe kwa shingo upande. Siku hizi anapima kisamvu chake kwa upawa mmoja, hataki hata kuongezewa, ili mradi upate kumsifia. Zuhura bado haishiki ile simu. Ikianza kusema anatoka nje, nami simlaumu.

Kwenye simu yangu niliiacha programu ya zamani, maneno hayo sikuyakata. Nilijiambia ni kumbukumbu tu. Lakini jana nilipika ubwabwa, nikala, nikaongeza, nikaongeza tena mpaka nikahema, na nilijua vizuri ninachokitafuta. Ukaja. Nilikutamani sana, shangazi, ningeweza kula hivyo na leo, na kesho, mpaka nikufikie.

Asubuhi hii nimeyakata na kwangu. Jogoo nimemwacha. Ila kabla ya kuyakata niliyasikiliza mara ya mwisho, nikakujibu kwa adabu, kama ulivyonifunza kumjibu mtu anayenikaribisha chakula nami siwezi kukaa:

"Ahsante, shangazi. Kula tu. Usinisubiri."

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako